Watu wa Mazingira: Kwa Nini Tunakataa Kuwasikia?

Maneno yaliyosomwa redioni katika kipindi cha amani, kwa ajili ya familia za wahamaji wa vita na wakubwa wa vijiji

Mazungumzo ya leo ni juu ya wale tunaowaita "watu wa mazingira". Hatutasema sana juu ya miti yenyewe. Juu ya miti mumeambiwa mara nyingi, na wengi wenu munaijua kuliko yule anayekuja kuwaambia. Leo tumwangalie huyo anayekuja. Tunamwona namna gani? Na kwa nini namna tunavyomwona ndiyo inaamua kama mti utapandwa mchana ao utang'olewa usiku?

Tajeni neno "mazingira" mbele ya watu kumi hapa Kivu. Hawataona mti, wataona mtu. Mkulima wa Rutshuru ataona mlinzi wa parke, nguo ya kijani na bunduki begani. Mama wa Goma ataona gari nyeupe la shirika, kijana mwenye kofia mpya, na karatasi ya kutia sahihi ili wafadhili wajue kwamba mkutano ulifanyika. Mvuvi wa Vitshumbi, kwenye ziwa Edouard, ataona yule anayekamata mtumbwi na nyavu. Na Mutwa wa Kahuzi atawaambia kwa sauti ndogo kwamba mtu wa mazingira ni yule aliyewatoa wazee wake msituni.

Sura hizi hazikutoka hewani. Mwaka wa 1925, mfalme Albert wa Ubelgiji alitia sahihi kuanzisha parke iliyoitwa kwa jina lake, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Ndiyo tunayoiita leo Virunga. Katika miaka iliyofuata mipaka ilipanuliwa mara kadhaa, hadi parke ikafika karibu kilomita za mraba 7,800. Watu waliokuwa wakilima, wakichunga na kuvua katika sehemu hizo walitolewa. Nani alilipwa, nani hakulipwa, na ni nani aliyekubali kwa niaba ya nani, hayo yanabishaniwa hadi leo kando ya moto katika vijiji vingi. Upande wa Kahuzi-Biega mambo yalikuja baadaye: parke ilianzishwa mwaka wa 1970, ikapanuliwa mwaka wa 1975, na Batwa wakatolewa bila kupewa pahali pengine. Mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Miaka hamsini karibu ilipita mpaka jambo hilo lisemwe kwa maandishi.

Kwa hiyo mtu wa kijijini anapokunja uso akisikia neno "mazingira", musiseme ni mjinga asiyependa miti. Anakumbuka. Na mtu anayekumbuka hawezi kufundishwa kwa picha ya sokwe kwenye karatasi ya rangi.

Lakini kuna upande wa pili, na huo unawagusa hasa ninyi wahamaji. Watu wa mazingira nao wana namna yao ya kuwaona ninyi. Turudi mwaka wa 1994. Mwezi wa saba, katika siku chache, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kutoka Rwanda. Makambi yakafunguliwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, mlangoni kabisa mwa parke. Kila siku maelfu kwa maelfu ya watu waliingia msituni kutafuta kuni, wakatoa mamia ya tani kwa siku. Makambi yale yalipofungwa mwishoni mwa 1996, zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu zilikuwa zimekatwa ao kuharibiwa. Mwaka ule ule wa 1994, UNESCO iliandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Picha za milima iliyonyolewa zilizunguka dunia nzima. Na tangu hapo, kichwani mwa watu wengi wa mazingira, mtu aliyekimbia vita na mtu anayeharibu msitu wakawa mtu mmoja. Wachache waliuliza swali lile ambalo mama yeyote angeuliza kwanza: huyu mtu amepewa maharagi makavu na mahindi magumu, amepewa moto gani wa kuyaivisha? Chakula kilipangwa mbali, kwa kilo na kwa tani. Kuni hazikupangwa kama chakula. Baadaye ndipo malori ya kuni yakaanza kuja, na majiko, na mafundisho. Lakini jina baya lilikuwa limekwisha kushika.

Jina hilo likarudi tena katika vita iliyoanza upya Rutshuru mwishoni mwa 2021. Familia zilijaa Kanyaruchinya, kisha Bulengo, Lushagala na pahali pengine kuzunguka Goma. Wenyeji wakasema: wahamaji wanatumalizia miti. Walinzi wakasema: wahamaji wanamaliza parke. Na mama mwenyewe, aliyeacha shamba lake na mikaratusi yake nyumbani, alikuwa anasema nini? Mwaka wa 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walieleza kwamba wanawake wengi waliowatibu baada ya kubakwa, karibu na makambi hayo, walishambuliwa walipotoka kutafuta kuni na chakula. Mama yule akiingia msituni alikuwa na hofu ya mtu mwenye silaha, hofu ya mlinzi, na hofu ya mwenye shamba. Akirudi na kifungu chake, anamkuta kijana wa shirika chini ya turubai akimfundisha kwamba msitu ni uhai. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kijana yule hakusema uongo, lakini maneno yake yalipita juu ya kichwa cha mama kama ndege.

Hapa nataka niwaeleze jambo moja kutoka mbali, sababu linaonyesha kwamba shida hii si ya Wakongomani peke yao. Mwaka wa 2013 Nadia Bashir na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, kule Kanada, walichapisha uchunguzi juu ya namna watu wanavyowaona watetezi wa mazingira. Watu wengi walioulizwa walisema watetezi hao ni watu wa ugomvi na watu wa ajabu ajabu. Kisha wachunguzi wakawapa watu andiko moja la kuhimiza kutunza mazingira. Walioambiwa kwamba mwandishi ni mtetezi wa maandamano na kelele, hamu yao ya kufuata ilikuwa ndogo. Walioambiwa kwamba mwandishi anafanya kazi yake kwa njia za upole, kama kukusanya michango, hamu yao ilikuwa kubwa zaidi. Andiko ni lile lile. Watu walikataa kufanya jambo jema sababu hawakutaka kufanana na yule anayelisema.

Na kule, tusisahau, mtetezi wa mazingira hana bunduki, na msikilizaji analala katika nyumba yake. Ikiwa kule jina baya la msemaji linaharibu neno jema, hapa kwetu linaharibu mara ngapi?

Basi tusimame kidogo kwenye bunduki, sababu ni hapo damu imemwagika. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa katika kazi yao kwa miaka hii ya vita. Tarehe 24 mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa pamoja na dereva wao na raia wanne. Walinzi wengi ni watoto wa vijiji hivi hivi. Wana mama zao Rutshuru, wana wajomba Lubero. Hapo Rumangabo kuna wajane wao wanaoshona nguo ili walishe watoto. Lakini ni mara ngapi mumesikia mlinzi akiliwa na kijiji kama mtoto wa kijiji? Mara nyingi watu wanasema tu: "parke imepata hasara". Nguo ya kijani imemfanya mtoto wetu awe mgeni hata katika kifo. Hilo ni baya kwetu sisi sote, na ninawaomba viongozi wa dini wanaonisikiliza walifikiri.

Upande wa walinzi nao, kuna jambo linalowavunjia jina kuliko mahubiri yote ya maadui wao. Watu wana macho. Wanaona mama mwenye kifungu cha kuni mgongoni akikamatwa, akinyang'anywa kamba yake na panga lake, na jioni ile ile wanaona lori lililojaa magunia ya makala likipita barabara kubwa bila kusimamishwa. Makala ya Goma, sehemu kubwa, imetoka parke kwa miaka mingi; kila mtu anajua, toka mwenye chukudu hadi muuzaji wa soko. Mwezi wa saba 2007, sokwe wa familia ya Rugendo walipopigwa risasi na kuachwa pale bila kuchukuliwa nyama wala mtoto, wachunguzi walihusisha mauaji yale na biashara hiyo ya makala. Ni biashara ya watu wenye nguvu. Vikundi vyenye silaha vinaitoza kodi. Sheria ikimfikia mwenye kifungu na kumpita mwenye lori, hakuna mafundisho ya mazingira yatakayopokelewa. Watu watasema: wanalinda msitu ili wauze wao. Hata pale ambapo neno hilo ni uongo, litaaminiwa.

Tuache bunduki, twende kwenye gari nyeupe. Mashirika yameleta vitu vizuri na kushangaa kuona havitumiwi. Chukueni mfano wa mbabula. Mbabula ya bati ya kawaida inapoteza moto pande zote. Mbabula iliyotiwa udongo ndani inashika joto, na makala kidogo inaivisha chakula kile kile. Hakuna anayebisha hapo. Lakini mbabula nyingine zilizogawanywa zilikuwa ndogo: hazibebi sufuria ya watu wanane, na ukisonga bugali kwa nguvu, yote inaanguka. Akina mama wakasema ni mbabula ya kuchezea watoto. Wengine waliiuza sokoni wakanunua unga. Kisha ripoti inaandikwa kwamba wahamaji "hawana mazoea" ya kutunza mazingira. Kabla ya kutengeneza mbabula ile, kuna mtu aliyewaomba akina mama watatu wasonge bugali juu yake? Lingekuwa jambo la nusu saa.

Vile vile juu ya miti. Mtu anakuja na miche ya mikaratusi, anasema pandeni kila pahali, inakua upesi. Mzee anamwambia: mti huu unakunywa maji, usiupande karibu na chemchemi. Kijana anacheka, anasema ni imani za zamani. Mzee hakukosea, mkaratusi unakunywa maji mengi kweli, na kando ya chemchemi si pahali pake. Tangu siku ile, hata akileta mche wa gravilea, ambao ni mti mzuri katikati ya mazao, mzee hatamsikia tena.

Sasa nataka nikae kwa muda juu ya neno moja ambalo watu wa mazingira wengi hawalijui, na ninyi munalijua tangu utoto. Katika Masisi, Rutshuru, Kalehe na pahali pengi pa Kivu, kupanda mti si kupanda mti tu. Ni kusema: udongo huu ni wangu. Ukipanda maharagi, yanaiva baada ya miezi mitatu, unavuna unaondoka, mwenye udongo hana wasiwasi. Ukipanda mti unaokaa miaka saba, umeweka alama. Kesho mtoto wako atasema: baba yangu alipanda hapa. Ndiyo sababu mwenye shamba anamkubalia mhamaji kulima muhogo, lakini akimwona anachimba shimo la mti, anaita vijana wake.

Basi mtu wa mazingira anafika, moyo wake ni mweupe, anawagawia wahamaji miche mia mbili, anaondoka na picha. Ametia moto kati ya mhamaji na mwenyeji bila kujua. Miche inang'olewa usiku. Asubuhi mhamaji anasema wenyeji wanatuchukia. Mwenyeji anasema wahamaji walitaka kutunyang'anya. Katika nchi ambayo watu wamekwisha kufa kwa ajili ya kipande cha mlima, hii si hadithi ndogo. Wakubwa wa vijiji, hapa ndipo kazi yenu. Mti usiingie katika udongo kabla ya maneno. Semeni mbele ya mashahidi, na muandike hata kwenye daftari la shule: udongo ni wa nani, mti ni wa nani, matawi ya kuni yatachukuliwa na nani, na mhamaji akirudi kwao, mti unabaki kwa nani ao analipwa nini kwa jasho lake. Pengine wenyeji watakubali miti ipandwe kwenye kiwanja cha shule ao cha kanisa, na kuni zikagawanywa kwa pande zote mbili. Pengine watakataa kabisa. Kukataa nako kunapaswa kusikilizwa kabla ya gari la miche kufika, si baada.

Na pale ambapo mhamaji hana udongo hata wa kuweka mguu, musimpe mzigo wa mti. Mpeni yale anayoweza kufanya bila kuomba ruhusa ya mtu: kuloweka maharagi usiku kucha ili yaive upesi, kukausha kuni vizuri na kuzipasua ndogo, kufunika sufuria, kuzungushia mafiga matatu udongo ili upepo usile moto. Mambo hayo yanapunguza safari za msituni. Kwa mama wa kambini, safari moja isiyofanywa ni hatari moja iliyoepukwa. Anayemfundisha kwa njia hiyo hataonekana tena kama mlinzi wa sokwe peke yake. Ataonekana kama mtu aliyefikiri juu ya usalama wa mama na watoto wake.

Kuna kazi zilizofaulu, na inafaa kutazama kwa nini. Tangu 2007, kuzunguka Virunga, WWF pamoja na vyama vya wakulima wa hapa walianza kazi iitwayo EcoMakala. Mkulima anapanda miti katika shamba lake mwenyewe, na ikikomaa anaikata, anatengeneza makala na kuuza, bila kukimbizana na mlinzi. Maelfu ya hekta yamepandwa kwa njia hiyo. Mimi ninaona sababu mbili. Ya kwanza ni wazi: mti ni wake, na pesa ni zake. Ya pili haisemwi sana: katika vijiji vingi aliyeleta miche hakuwa mtu wa gari nyeupe. Alikuwa mtu wa chama cha pale pale, ambaye watu wanajua nyumba yake, wanajua deni lake, na walimwona akipanda kwake kwanza. Mtu akimwona jirani yake anauza magunia ya makala ya shamba lake, hahitaji semina. Lakini tuseme pia kwamba kazi hiyo ilimfaa mwenye udongo. Asiye na shamba alibaki akiangalia.

Umeme nao ulibadili macho ya watu. Kwa fedha zilizokusanywa na parke, mashine ya umeme wa maji ilijengwa Mutwanga mwaka wa 2013, na nyingine kubwa zaidi Matebe, Rutshuru, mwaka wa 2015. Mwenye kiwanda kidogo cha kusaga aliyepata waya hakuitukana parke tena kama zamani. Lakini yule ambaye waya ulipita juu ya paa lake na kwenda mjini, yeye akiwa na kibatari, hasira yake iliongezeka. Vilevile kule Vitshumbi: kampuni ya Uingereza ilipotaka kutafuta petroli karibu na ziwa Edouard, kabla ya kusimama mwaka wa 2014, wavuvi wengi waliokuwa wakigombana na parke juu ya nyavu walijikuta upande mmoja na watu wa mazingira, sababu wote walilinda samaki wale wale. Mtu mmoja anaweza kuwa adui yako asubuhi na ndugu yako jioni, kulingana na kile anacholinda.

Wengine wananiuliza: je, ni mashujaa tu wanaopendwa na watu? Hapana, hata mashujaa wanachekwa. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na mama mmoja, Wangari Maathai. Mwaka wa 1977 alianzisha kazi ya akina mama kupanda miti. Mwaka wa 1989 alipopinga jengo kubwa lisijengwe katika bustani ya watu wote pale Nairobi, wakubwa wa serikali walimdhihaki bungeni, wakasema yeye na wenzake ni kundi la wanawake walioachwa na waume. Alipigwa, alifungwa. Lakini vijijini akina mama hawakumsikia kwa sababu ya cheo. Walimsikia sababu alianza na shida yao: kuni ziko mbali, maji yamepungua, watoto hawali vizuri. Na kila mche ulioshika na kuishi, mama alilipwa pesa kidogo. Si mche uliopandwa, ni mche ulioishi. Mwaka wa 2004 alipewa zawadi ya Nobel, na si ya miti, ni ya amani. Mwaka uliofuata nchi za Afrika ya kati zilimchagua awe balozi wa msitu wa bonde la Kongo, yaani msitu wetu.

Baada ya makambi ya Goma kuvunjwa, mwezi wa pili 2025, familia nyingi zilirudi zilikotoka, nyingine zikaenda kwa jamaa ao kutafuta pahali pengine. Walio wengi walikuta mashamba yamekuwa pori, na miti iliyoachwa wakati wa kukimbia haipo. Nani aliikata? Aliyebaki? Askari? Mhamaji mwingine aliyepita hapo na watoto wenye njaa? Maswali haya yanachoma, na mtu wa mazingira akija sasa na hotuba ya "tupande tena", anaingia katikati ya ugonvi usiosemwa. Chefu wa lokalite, ninakuomba baraza la miti iliyokatwa lije kabla ya baraza la miti mipya. Ita aliyerudi na aliyebaki. Kila mtu aseme alichopoteza na alichochukua ili aishi. Aliyekata mti wa jirani kupikia watoto, pengine atakubali kumpandia miwili. Jambo hilo wazee wetu walijua kulitengeneza kwa pombe ya ndizi na maneno, bila mlinzi na bila shirika.

Na ninyi mnaofanya kazi ya mazingira, maana ninajua nanyi munasikiliza kipindi hiki: munapofika kijijini, acheni gari mbali kidogo, mwende kwa miguu. Ulizeni kwanza nani alitolewa wapi, na mwaka gani. Sikilizeni hata kama maneno ni makali. Mukiwa na walinzi wenye silaha, semeni wazi kwa nini wako pale. Musiahidi umeme ikiwa hamuna waya. Mutafuteni mama mmoja wa wahamaji na mama mmoja wa wenyeji, wawe wao wanaofundisha kupika kwa moto mdogo, na muwalipe kwa siku zao, sababu siku ya mama ina bei. Na musipige picha kabla ya mti kuwa na urefu wa mtoto.

Kwa komite za wahamaji na wakubwa wa vijiji: mvua za mwezi wa tisa ndizo za kupanda. Mukitaka mazungumzo ya udongo na miti yawe tayari, anzeni mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, watu wakiwa na nafasi ya kukaa. Daftari, mashahidi wa pande zote mbili, na mwanamke mmoja angalau kati ya mashahidi. Katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya mipaka ya mashamba ya waliorudi, na namna ya kuandika mapatano yanayosimama hata mbele ya mahakama. Mubaki salama, na muwasalimie walio nyumbani.